Slothi: mvivu au mbahili?

Kila video ya slothi, mnyama wa mitini wa Amerika ya Kati na Kusini aendaye polepole mno, akijikokota barabarani inaposambaa, watu huuliza lilelile: huyu amewezaje kuishi mpaka leo? Swali si geni. Katika karne ya 18, Mfaransa Buffon, mtaalamu wa viumbe, alimtazama akahitimisha kwamba ana kasoro nyingi kiasi kwamba ikizidi moja tu asingeishi. Wanaomtetea nao wamepita kiasi, wakamgeuza mtawa wa msituni aliyeipa dunia kisogo. Mimi niko karibu zaidi na watetezi, ila huo utawa siuoni.

Chukua suala la usingizi, maana ndilo shtaka kubwa. Kwa muda mrefu ilirudiwa kwamba slothi hulala karibu saa 16 kwa siku. Hesabu hiyo ilitokana na wanyama waliofungiwa. Mwaka 2008 mtafiti wa usingizi Niels Rattenborg na wenzake walichapisha vipimo vya mawimbi ya ubongo vya slothi wa vidole vitatu walioachwa huru msituni Panama, na wastani wao ulikuwa saa 9.6. Zaidi ya saa sita za usingizi zimeyeyuka hivi hivi! Ni kweli waliopimwa walikuwa majike watatu tu, na mwenye shaka ana haki ya kusema sampuli ni ndogo. Lakini hata ukiwaongezea saa mbili nzima hujaikaribia 16. Slothi wa kizimbani analetewa majani mdomoni na hana tai wa kumhofia, sasa akeshe afanye nini? Tulimpima mfungwa, tukamhukumu raia. Na bado ile 16 inaendelea kunakiliwa.

Kukaa bila kutikisika akiwa macho ni jambo jingine, na hapo hesabu inabadilika. Chakula chake ni majani: magumu, yana sumu zake, na nishati yake ni haba. Huyachachusha kwa msaada wa bakteria katika tumbo lenye vyumba kadhaa, na mlo mmoja unaweza kuchukua wiki kadhaa kupita. Watafiti waliopima matumizi ya nishati ya slothi wa vidole vitatu nchini Costa Rica walichapisha mwaka 2016 kiwango cha kilojuli 162 kwa kilo kwa siku, kiasi kidogo mno kwa mamalia. Kubana huko kunaonekana mwili mzima. Hashughuliki sana kulinda joto la mwili. Huliacha lipande na kushuka pamoja na hali ya hewa, asubuhi akaota jua. Kucha zake zimejipinda kama kulabu, hivyo kuning'inia hakumgharimu sana. Manyoya yake yameanzia tumboni yakalalia mgongoni, kinyume cha wanyama wengi, ili maji ya mvua yateremke yenyewe. Ajizi ni nyumba ya njaa, tumefundishwa, lakini kwa huyu hiyo ajizi ndiyo inayomwepusha na njaa.

Anayeijua misitu ya kwetu atapinga: mbona mbega naye ana tumbo la kuchachusha majani, na anaruka mti kwa mti? Hoja nzuri. Majani peke yake hayamlazimishi mnyama kwenda taratibu. Ila mbega huchagua majani machanga, huongeza matunda na mbegu, na hula kingi zaidi ili kulipia hiyo miruko. Slothi ameridhika na kidogo. Tena kutotikisika humficha machoni pa tai aina ya harpi, anayewinda kwa kuona.

Utetezi wangu unayumba kwenye haja kubwa. Mara moja hivi kwa wiki slothi wa vidole vitatu huteremka hadi chini, huchimba kishimo kwa mkia wake mfupi, hujisaidia, hufunika kwa majani, kisha huanza kupanda upya. Ardhini ndiko anakokuwa hatarini zaidi. Bahili gani huyu anayelipa gharama hiyo, wakati angeweza kuangusha tu kutoka juu? Mwaka 2014 lilitolewa jibu la kuvutia: nondo wanaoishi kwenye manyoya yake hutaga katika kinyesi hicho, na wakirudi juu huongeza nitrojeni inayokuza mwani, ambao slothi huula. Wengine hawajashawishika, wanadhani ni njia ya kupeana taarifa wakati wa kutafuta mwenza. Nadharia ya nondo inanipendeza, pengine kuliko ushahidi wake unavyostahili.

Wanaomwona dhaifu wana hoja moja nisiyoweza kuiondoa. Maisha haya yanategemea vilele vya miti vinavyogusana. Costa Rica ilimtangaza slothi kuwa alama ya taifa mwaka 2021, lakini humo humo nyaya za umeme zisizofunikwa humuua, na barabara iliyokata msitu humlazimisha kushuka chini. Kamba zinazofungwa juu ya barabara humsaidia kuvuka. Joto likipanda, hata hivyo, hakuna kamba ya kumfungia: mwenye tumbo linalomeng'enya polepole hivyo hawezi kuongeza chakula ghafla ili kufidia nishati ya ziada inayomtoka.