Machela ya Gurudumu Moja

Jamaa yangu ameshamwaga picha kwenye magrupu yote, kwa hiyo bora niseme mwenyewe. Ndiyo, yule aliyefungwa kwenye machela pale Kilimanjaro ni mimi. Hapana, Uhuru sikufika. Hata Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, sikufika, na Mandara ni mita 2,720 tu. Kilele kiko 5,895. Pigeni hesabu kimyakimya.

Chanzo ni mbege, pombe ya Wachaga. Tulilala Marangu, jioni mwenyeji akatupeleka kilabuni kwa bibi mmoja, chini ya migomba. Ndizi, ulezi, uchungu wa msesewe kwa mbali, na povu bado linahema kwenye kata. Nikasema naonja tu. (Mnaonijua, mnakujua kuonja kwangu.)

Kesho yake, katikati ya msitu, tumbo likaita. Ningesema ukweli, yangeisha kichakani. Lakini safarini alikuwepo yule dada, na mnajua namsema nani. Nikashika paji la uso: "Kichwa kinagonga, naona kizunguzungu."

Kwa watu wa mlima hayo si maneno ya utani, ni dalili za ugonjwa wa mlima. Kiongozi wetu akanibana kidole na kale kadude ka kupima oksijeni, akakatazama, akanitazama. "Namba nzuri kaka, ila uso wako siuelewi. Unashuka."

Jamani, ile machela ina gurudumu moja. Moja, kama toroli! Wakanifunga mikanda: mmoja kifuani, mmoja magotini, na wa tatu, Mungu anaona, juu ya tumbo. Wakaukaza. Mbio. Mizizi imetanda njiani kama ngazi. Mzizi wa kwanza, nikauma meno. Wa pili, nikaanza Baba Yetu. Wa tatu, tumbo likatoa mlio, mpagazi wa mbele akatazama juu akidhani ni radi. Huko juu walikuwepo mbega wanne, mikia myeupe inaning'inia, wametulia kama wazee wa kanisa, macho kwangu. Nikaomba tusimame. "Vumilia kaka, mgonjwa wa mlima hatumsimamishi!"

Mzizi wa saba... suruali yenyewe ilikuwa ya kuazima. Tuishie hapo.

Getini watu wamejaa. Yule dada, aliyeacha safari yake kunisindikiza, kanishika mkono, machozi yanamlenga. Mara yule bibi wa kilabu akatua mkungu wake wa ndizi, akachungulia machela.

"Si huyu aliyemaliza kata nne jana? Mwanangu, si nilikwambia ile bado haijaiva?"

Mkono ukaachiwa. Mwenye suruali, mwisho wa mwezi nitakulipa.