Hesabu ya kipeo ilivyoniingiza deni la mtori

Jamani ngoja niwape hii. Mimi nafundisha tuisheni ya fomu siksi hapa Moshi, vijana wanane wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), na walimu wa hesabu mnatujua, midomo haina breki. Jumamosi tukafika kompleksi namba, nikawaambia leo nawaonyesha muujiza: i, yaani mzizi wa hasi moja, ukiipa kipeo cha i yenyewe, uchizi wote unayeyuka unabaki na namba ya kawaida kabisa, 0.2079. Kwa fomula ya Euler, i ni e (ile namba 2.718 na ushee) kwa kipeo cha i mara nusu pai, na hiyo nusu pai ni pembe ya robo raundi, sasa hicho kipeo kizidishe na i nyingine, i mara i hasi moja, unabaki na e kwa kipeo cha hasi nusu pai, kwisha habari. Darasa kimyaaa. Sifa zikanipanda, nikaropoka: atakayeleta jibu jingine nanunua mtori, kila jibu bakuli moja!

Kuna kabinti kanakaa dirishani, huwa hakaongei. Kakanyoosha mkono. "Ticha samahani, boda akizunguka kipilefti ya mnara wa saa raundi moja zaidi halafu akatokea njia ile ile, si anaangalia kule kule?"

Nikasema ndiyo.

"Ila mafuta yameenda."

Hapo nikaanza kuhisi jasho la mgongoni. Kakaja ubaoni, kwenye nusu pai yangu kakatoa pai mbili, yaani raundi moja kinyumenyume, i bado ni i ile ile, nikabonyeza simu kwa kidole changu mwenyewe: 111.32. Kakarudisha raundi nyingine, 59,609 na ushee. Nyuma huko mtu anahesabu kwa sauti, "bakuli mbiliii!" Kakaenda raundi moja mbele, 0.000388. "Tatuuu!"

Nikajitetea kwamba langu ndo jibu kuu, hata vitabu vinachukua hilo. "Sawa Ticha, ila hukusema kuu, ulisema jingine." Na raundi hazina mwisho, mfukoni nina elfu kumi na mbili na ya gesi imo humo humo.

Kwa mama wa mtori walikula hadi ukoko wa sufuria, hela ikakata, akatoa daftari la madeni. Kijana mmoja mshenzi akadaka peni akaandika: *Mwalimu, bakuli k, k ni namba nzima yoyote isipokuwa sifuri.*

Mama akavaa miwani, akasoma mara mbili, akanigeukia.

"Mwalimu, huyu k ndo nani? Anakaa Majengo?"