Asubuhi shule, jioni chuo: kumchagulia programu mtoto anayesomea nyumbani

Jirani yangu hapa Columbus, Ohio, mwenyeji wa Tanga, alinijia na simu mkononi wiki moja kabla shule hazijafunguliwa. Mwanawe anaingia darasa la 6, mwanzo wa ile miaka mitatu ambayo Wamarekani wameitenga katikati ya msingi na sekondari, na mama ameshaamua kumsomesha nyumbani. "Dada, nitafutie programu ya mtandaoni, ila isiwe ya kanisa," akaniambia. Kisha akasita. "Lakini hizi zinazoitwa sekula nazo naziogopa. Si ndizo za wasiomjua Mungu?"

Hofu yake ina asili. Soko la mitaala ya nyumbani Marekani lilikuzwa kwa sehemu kubwa na Waprotestanti wa kiinjili. Abeka ni yao, BJU Press ni yao, na ACE, inayojulikana hata kwa wazazi wa Nairobi wanaosomesha nyumbani, ni yao pia. HSLDA, chama kinachowatetea wazazi hawa kisheria, kilianzishwa mwaka 1983 na Wakristo. Tuwape haki yao: mapambano ya watu hao mahakamani na mabungeni yamechangia sana hadi, kufikia 1993, kusomesha nyumbani kukawa halali katika majimbo yote 50. Lakini waliokuja baadaye si wote wa mlango huo. Takwimu za Ofisi ya Sensa zinaonyesha kaya za Wamarekani weusi zenye watoto wanaosomea nyumbani zilipanda kutoka asilimia 3.3 majira ya kuchipua ya 2020 hadi 16.1 majira ya vuli mwaka huohuo. Korona ilichangia, ndiyo, ila wapo walioonja wakakaa.

Kwa Mwislamu wa Tanga, au Mkatoliki wa Bukavu, mtaala wa kiinjili ni nyumba ya jirani: unakaribishwa vizuri, lakini sala ni ya mwenyeji. Na kwetu sekula si jambo geni, maana tuna jina lake la zamani, elimu ya dunia. Tulikariri Zinjanthropus, Olduvai, 1959, kengele ikagongwa, tukarudi nyumbani, na jioni tukabeba juzuu kwenda chuo cha Kurani. Hakuna aliyedhani mwalimu wa historia amechukua kazi ya maalimu.

Hata hivyo wazazi wanaoshikilia mtaala wa dini wana hoja ambayo siipuuzi. Wanasema kinachoachwa nacho kinafundisha. Mtoto akisoma historia ya dunia miaka mitatu bila kuelezwa kwa dhati watu walimwomba nani na kwa nini, atatoka akidhani dini ni mapambo tu ya majengo ya kale. Kuna programu za namna hiyo. Halafu wenzetu hao wana jamaa: vikundi vya wazazi vinavyokutana kila wiki, mmoja anafundisha kemia, mwingine anapeleka watoto makumbusho. Vingi vinataka mzazi atie saini tamko la imani kabla ya kuingia. Anayechagua sekula mara nyingi anajikuta na skrini na upweke, na kwa kijana wa miaka 12 upweke si jambo dogo.

Nikaketi na jirani yangu mezani kwake jikoni, tukafungua masomo ya majaribio. Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo matangazo hayalisemi: kuna programu ya sekula na kuna inayokwepa. Hiyo ya pili haimtaji Mungu, wala haiutaji umri wa Dunia, wala visukuku, wala mageuko, ili iwauzie watu wote bila kumuudhi yeyote. Kipimo nilichotumia ni cha nyumbani. Kwenye kisanduku cha kutafutia nikachapa Laetoli. Nyayo zile za Tanzania, zilizofukuliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6. Programu ya kwanza ikaleta somo zima lenye picha. Ya pili haikuleta kitu. Tukajaribu Olduvai, kimya. Jirani akacheka: "Yaani kwetu hakupo?"

Yeye mwenyewe ana mashaka na mageuko, na hakunificha. Lakini alisema afadhali mwanawe alisome somo lote kisha akaulize chuoni, kuliko kulikuta kwa mara ya kwanza darasa la 9 akirudi shule ya serikali. Namuunga mkono.

Kasoro kubwa zaidi nimeiona kwa mtoto wangu mwenyewe, na haina uhusiano na dini. Programu aliyoanza nayo ilikuwa na maswali ya kuchagua jibu kila mwisho wa somo. Akikosea, maswali yaleyale yanarudi. Siku moja nikasimama nyuma yake: anabonyeza A, nyekundu, B, nyekundu, C, kijani, anasonga mbele. Ripoti ya mwisho wa wiki ikanijia na asilimia 94. Nikamwomba anieleze uwiano kwa vikombe vya mchele na maji, akanitazama. Siku hizi naangalia kwanza kama kuna kazi ya kuandika ambayo mtu mzima lazima aisome. Oak Meadow, ya tangu 1975, ina desturi hiyo. Khan Academy ni bure na nzuri kwa hesabu, lakini haisomi insha ya mtoto kama mzazi.

Wengine watauliza: kwa nini usichukue shule ya serikali ya mtandaoni, isiyo na ada na isiyo ya dini kwa mujibu wa sheria? (Oklahoma walijaribu kuanzisha ya Kikatoliki kwa fedha za umma, Mahakama Kuu ya Marekani ikagawanyika 4 kwa 4 mwezi Mei 2025, na uamuzi wa kuizuia ukabaki.) Ni njia halali, ila hapo mtoto ni mwanafunzi wa shule, kwa ratiba na mitihani yao. Na sisi wa Columbus tuna kumbukumbu. ECOT, shule ya mtandaoni iliyokuwa na makao yake hapahapa, ilidai wanafunzi zaidi ya 15,000. Wakaguzi wa jimbo walipohesabu saa za masomo za mwaka 2015-16 walithibitisha wapatao 6,300 tu. Ilifungwa Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo. Utafiti wa CREDO wa Chuo Kikuu cha Stanford, 2015, ulikuta watoto wa shule za aina hiyo wako nyuma ya wenzao kwa siku 180 za hesabu kwa mwaka, na mwaka wa shule ni siku 180.

Ithibati, yaani programu kutambuliwa rasmi, ambayo jirani yangu aliiwaza usiku kucha, kwa darasa la 6 haina uzito mkubwa, ngojea sekondari. Ohio tangu 2023 inadai barua kwa msimamizi wa wilaya ndani ya siku tano za kuanza, yenye ahadi ya kufundisha masomo haya: Kiingereza, hesabu, sayansi, historia, serikali na maarifa ya jamii. Hakuna tena tathmini ya mwisho wa mwaka. Wepesi huo unapendeza, na pia unatisha, kwa kuwa hakuna atakayekuja kukuuliza.

Kwa hiyo nilimuuliza mimi: saa tatu asubuhi hadi saa sita, nani yuko nyumbani? Yeye anafanya kazi ghalani, shifti ya mchana. Aliyepo ni bibi, asiyejua Kiingereza. Wakakubaliana kijana awe anamsimulia bibi kwa Kiswahili kila alichosoma, na mama akirudi anamuuliza bibi. Programu ni ile iliyoleta Laetoli, kwa malipo ya mwezi mmoja mmoja. Mwezi wa kwanza unaisha Jumapili, na wa pili bado hajaulipia.