Anayeingia mwisho si mtanuaji

Ukitaja barabara kuu za Ujerumani, ndugu wa nyumbani Tanzania wanauliza mwendo kasi. Mimi naona tungeuliza leni. Hapo ndipo tunapoachwa, na si kwamba Wajerumani ni waungwana kuliko sisi. Wana haraka, wanapiga taa kubwa, wanabwatuka ndani ya gari vilevile. Ila kila leni ina kazi moja, kwa hiyo unajua aliye jirani yako atafanya nini.

Huku Ujerumani magari yanatembea kulia, na leni ya kushoto ni ya kupitia. Ukishapita unarudi. Kupita gari kwa upande wa kulia kwenye barabara kuu ni faini ya euro 100 na alama moja ya kosa kwenye rekodi yako ya udereva. Tanzania ni kanuni ileile, pande zimegeuzwa tu: kaa kushoto, pita kulia. Halafu unalikuta lori lenye shehena limeganda leni ya kulia mlimani, na magari madogo yanapukutikia kushoto kwake.

Kuhama leni ni hesabu. Uko nyuma ya lori linalokwenda 80, na kwenye leni ya kupitia kuna gari linakuja na 130. Tofauti ni kilomita 50 kwa saa, karibu mita 14 kila sekunde. Gari uliloliona mita 70 nyuma litakufikia ndani ya sekunde 5, na kuhama kwenyewe kunakula sekunde tatu au nne. Kibaya zaidi, kioo cha pembeni kilichobinuka huonyesha gari liko mbali kuliko lilivyo. Ndiyo maana mpangilio haupinduliwi: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, kisha geuza shingo utazame juu ya bega, ndipo uguse usukani. Indiketa iwake angalau mara tatu kabla tairi halijakanyaga mstari. Na ugeuze shingo tu. Ukigeuza mabega, mikono inafuata na gari linahama kabla hujaamua. Leni ni moja kwa wakati mmoja. Ukikata mbili kwa mpigo, mwenzako wa upande wa pili naye anaweza kuwa anaiwinda hiyohiyo ya katikati.

Kurudi leni yako kunadharauliwa, na kwetu ndiko kwenye hatari zaidi. Subiri uone taa zote mbili za gari ulilolipita ndani ya kioo cha ndani. Kisha tazama bega la kushoto, upande ulio mbali na dereva, usioonekana vizuri, na ndiko bodaboda wanakopenya. Huku hutarajii mtu upande huo. Nyumbani mtarajie kila mara. Kwa hili dereva wa kwetu aliyezoea kuangalia pande zote mbili ni makini kuliko Mjerumani anayeiamini sheria.

Sasa leni inayoisha, kwa sababu ya ajali au matengenezo. Sheria ya Ujerumani inataka magari yajiunge kwa zamu, moja la leni hii, moja la ile, tena pale pale leni inapofungwa, si mita mia tatu nyuma yake. Leni zote mbili zinajaa, foleni inakuwa fupi, na makutano ya nyuma hayazibwi. Kwetu watu wanajipanga mapema leni moja, nyingine inabaki wazi, na anayeitumia anaonekana mjanja. Mwingine anakaa katikati ya mstari amzibie. Lakini huyo anayetumia leni iliyo wazi hatanui! Anayetanua ametoka nje ya lami au ameingia leni ya wanaokuja, mahali ambapo hana nafasi yake, na atarudi kwa kulazimisha ubavu. Tumewachanganya hawa wawili, na tunamwadhibu asiye na kosa.

Kuna na suala la indiketa. Kwetu, nje ya miji, indiketa ya kulia ya lori inaweza kuwa onyo kwamba kuna gari linakuja, usipite, au dereva anakata kulia, au anahama. Mwingine akiwasha ya kushoto anakwambia pita, kumbe anapaki. Usipite kwa ruhusa ya indiketa ya mtu. Rudi nyuma kidogo mpaka uione barabara mwenyewe, maana ukilibana lori huoni chochote isipokuwa mlango wake wa nyuma.

Na ukiona lori lenye usukani kushoto, kama baadhi ya yale ya Rwanda, Burundi na Kongo, kumbuka dereva amekaa upande wa pili. Sehemu asiyoiona vizuri ni kulia kwake, hapo hapo unapompitia. Kama huuoni uso wake kwenye kioo chake, naye hakuoni. Piga honi fupi, pita bila kuganda ubavuni.