Kamera ya kitufe kimoja

Nina video ya dakika nne ya marehemu bibi yangu akisuka ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, barazani kwake, Tanga. Picha yake si kali, na ukiiweka kwenye televisheni kubwa za siku hizi inaonekana kama ina ukungu. Lakini maneno yake yanasikika yote, na kazi inaonekana: ukindu, yaani majani ya mkindu, unachanwa, unatiwa kwenye sufuria ya rangi inayochemka, unaanikwa, kisha vidole vinaanza kusuka. Hatua ya kushona mkeka haimo, na sababu yake nitaieleza. Niliipiga mwenyewe mwishoni mwa mwaka 2009, nikiwa sijawahi kushika kamera ya video. Na niliimaliza. Nimeona kamera nyingi za gharama zikizaa video zisizomalizika, ndiyo maana naandika.

Kamera ilikuwa Flip Ultra. Mama mdogo alikuja nayo likizo kutoka Marekani, ambako iliuzwa dola 150 hivi, na alipoondoka akaniachia. Ilienea kiganjani. Nyuma ilikuwa na skrini ya inchi 2 na chini yake kitufe kikubwa chekundu. Ukikibonyeza inarekodi, ukikibonyeza tena inaacha. Haikuwa na kaseti wala memori kadi, wala pa kuchagulia mwanga na rangi. Yangu ilibeba dakika 120 katika GB 4 za ndani, kwa picha ya nukta 640 kwa 480. Ilitumia betri mbili za AA, zile za saa ya ukutani, na kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa kwa sababu ulikuwa wakati wa mgao wa umeme. Betri za bei rahisi za dukani ziliisha haraka mno, kwa hiyo nilijifunza kununua alkalaini na kuzitoa kila nilipomaliza kazi.

Ubavuni ilikuwa na swichi. Ukiisukuma, plagi ya USB inaruka nje, unaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta bila kebo. Na programu ya kuhariri, FlipShare, ilikuwa ndani ya kamera yenyewe. Hukuhitaji CD, na mtu wa Tanga mwenye intaneti ya kubahatisha hakuhitaji kupakua chochote ili aanze. Klipu zote zinajipanga mbele yako. Unakata mwanzo na mwisho wa kila moja, unazipanga, unaandika jina, ukitaka unaweka muziki, unahifadhi. Basi.

Nilikuwa na klipu 11 za bibi. Kuzigeuza kuwa video moja kulinichukua jioni moja, katikati ya saa ambazo umeme ulikuwepo. Wakati huohuo mtaani kwetu palikuwa na fundi mzuri wa video za harusi, mwenye programu kubwa ya kuhariri na uwezo wa kufanya picha za maharusi zipepee ndani ya maua. Kazi yake naiheshimu. Lakini yeye alikaa miaka chini ya fundi mwingine kabla ya kupewa harusi yake ya kwanza. Kumkalisha mwanafunzi wa siku ya kwanza mbele ya programu ile ni kumfundisha kukata tamaa.

Upungufu wa kamera ile nao ulinifundisha. Haikuwa na tundu la maiki, na zumu yake ilikuwa ya kukuza picha tu, ukiitumia kila kitu kinachakaa. Siku ya kwanza nilisimama mbali, uani, kwa adabu. Bibi akauliza, "Hicho ndicho kinachonisikia?" Nikamwambia, "Ndicho, bibi." Akasema, "Basi sogea, mjukuu wangu. Mimi sipigi kelele." Nikakaa chini karibu na mkeka wake, kiasi cha hatua moja. Sauti safi ninayoisifu leo imetokana na agizo hilo. Kama ningekuwa na lenzi ya kuvuta mbali, ningebaki uani na kurekodi upepo.

Flip ilitengenezwa na Pure Digital, kampuni ya San Francisco. Mwaka 2009 Cisco, kampuni kubwa ya Marekani ya vifaa vya mitandao, iliinunua kampuni hiyo kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 590. Aprili 2011, miaka miwili tu baadaye, Cisco ikatangaza kuifunga biashara ya Flip na kupunguza wafanyakazi 550 hivi. Wengi husema simu ndiyo iliyoiua. Ni kweli kwamba iPhone ya mwaka 2009 tayari ilikuwa inarekodi video, na nani abebe vyombo viwili mfukoni? Lakini simu ilichukua nafasi ya kamera, haikuchukua wazo. Wazo lilikuwa kwamba njia kutoka kubonyeza hadi kumaliza iwe fupi kiasi kwamba mtu asiyejua kitu afike mwisho. Hilo limepotea, na mimi linaniuma.

Binti wa dada yangu ana simu inayopiga picha nzuri kuliko chochote nilichowahi kumiliki. Ana video nyingi za shughuli za nyumbani na hajamaliza hata moja. Akirekodi, ujumbe unaingia. Akiendelea, simu inamwambia imejaa. Akifungua programu ya kuhariri, anakutana na mamia ya vichujio, mapambo na nyimbo, na nusu yake yanadai malipo ya mwezi. Anatumia saa nzima kuchagua maandishi ya jina, na kazi yenyewe hajaigusa. Mtoto huyu si mvivu. Amepewa jiko lenye moto kumi na mbili kabla hajajua kuchemsha maji.

Aliniuliza kama anunue moja ya zile kamera ndogo za bei poa mtandaoni, zenye neno 4K, yaani picha kali sana, kwa herufi kubwa kwenye boksi. Nilimkataza. Nyingi zina kihisi kidogo, kile kinachopokea mwanga, kinachonasa picha ya kawaida, kisha kamera inaivuta ifanane na hiyo 4K. Tukachukua simu ya zamani ya dada yenye skrini iliyopasuka pembeni, tukatoa laini, tukafuta kila kitu, tukaacha kamera na programu moja ya kukata na kuunganisha. Fedha aliyokuwa nayo ikanunua maiki ya waya ya kubana kwenye nguo na stendi fupi. Tulikubaliana kwamba video zake kumi za kwanza hazitakuwa na pambo lolote.

Sharti la pili nililiweka kwa uchungu. Kila kilichorekodiwa kihifadhiwe sehemu mbili siku hiyohiyo. Mimi nilifuta klipu za kushona mkeka kwenye Flip ili nipate nafasi, nikiamini ziko salama kwenye kompyuta. Kompyuta ikafa na haikuamka tena. Nilikuwa nimepanga kumrekodi upya bibi, na hakungoja.

Jumamosi iliyopita mama yangu, aliyefundishwa na bibi, alikaa barazani na ukili wake na shazia, sindano ya kushonea mikeka, mkononi. Binti aliweka stendi uani. Mama hakumwambia kitu. Baada ya dakika moja hivi niliona binti ameinyanyua mwenyewe, akasogea, akaiweka kwenye ukingo wa mkeka, pale sindano inapopita. Jioni ile alikata, akaunganisha, akatuita tutazame. Dakika tatu na sekunde chache, kushona kutupu.