Shela, Dagaa na Mbwa Aitwaye Moshi

Tuanze na shingo ya mbwa, maana aibu yote iliyonikuta Luchelele, ufukweni Mwanza, ilipitia hapo.

Mbwa wengi wana kichwa kipana kuliko shingo, kwa hiyo mkanda wowote utakaookota sokoni Makoroboi utakaa. Grehaundi, yule mbwa wa mbio, kaumbwa kinyume. Shingo ndefu, nene, yenye misuli. Kichwa chembamba kama sabuni ya mche iliyobaki tarehe 29. Akirudi kinyumenyume mkanda unateleza juu ya masikio, nawe unabaki umeshika kamba kama mtu aliyeibiwa ng'ombe mnadani.

Ndiyo maana huvishwa kola ya aina yake. Ni pana, sentimita 4 hadi 5, isije ikamkata koo, na ina vitanzi viwili: kikubwa cha shingo, kidogo cha kufungia kamba. Akivuta, kidogo kinakaza kikubwa. Akiacha, vyote vinalegea. Inakaa juu kabisa, nyuma ya masikio, si chini mabegani. Na ikishakaza, nafasi inayobaki ni ya vidole viwili. Vitatu ni vya mtu anayetafuta kesi.

Jumamosi ile Moshi alivaa mkanda wa kawaida, na vidole vilipita vitatu bila kusukumana. Kola yake ilikuwa kwenye kamba ya nguo inakauka, kwa sababu Ijumaa alijigaragaza kwenye dagaa waliooza na nyumba nzima ikanuka hadi sebuleni kwa bosi.

Bosi wangu ni mama wa Kiingereza. Alikuja na mbwa wawili, wote wastaafu wa mbio. Moshi ni jike, kilo 29, rangi ya moshi wa mkaa. Dume ni kilo 34 na anaitwa Pole, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili bosi alilojifunza. Mimi niliajiriwa kufyeka majani. Nikapandishwa cheo, mshahara ukabaki chini kunisubiri.

Kwao Uingereza, mbio za uwanjani za kufukuza sungura wa bandia zilianza mwaka 1926 pale Belle Vue, Manchester. Mtambo unavuta hicho kisungura pembezoni mwa uwanja, mbwa wanatoka kwenye vibanda wakikifuata. Hawafuati harufu. Wanafuata kitu chepesi kinachopepea na kukimbia mbele ya macho yao. Umbali uliozoeleka ni kama mita 480. Hiyo namba iweke mfukoni, tutaihitaji.

Watu hudhani mbwa wa namna hii anataka kukimbia kutwa. Analala! Saa 16, hata 18 kwa siku, miguu juu kama shemeji aliyekuja kutafuta kazi. Matembezi mawili ya dakika 25 au 30 yanamtosha: alfajiri kabla mawe ya Mwanza hayajapata moto, na jioni. Ukiwa na shaka, bandika mgongo wa kiganja kwenye lami sekunde saba. Ukiutoa kabla, nyayo zake nazo zisingevumilia.

Ukitoka nao barabarani, andaa majibu. La kwanza, ni mbwa, si swala. La pili, wanakula, tena nyama kunizidi. Grehaundi mwenye afya mbavu zake mbili tatu za mwisho zinaonekana. Zikipotea zote ujue kanenepa. Hili nimemweleza muuza vocha wa Nyegezi mara tatu, na bado kila nikipita anatikisa kichwa na kuniambia, "Kaka, Mungu anakuona."

Wapo wanaoogopa, na wapo wasiotaka pua ya mbwa iwaguse, hasa mzee anayeelekea msikitini na udhu wake. Wote dawa yao ni moja: vuka barabara mapema, fupisha kamba, mwili wako ukae katikati. Usingoje mtu aruke mtaro ndipo useme "hana neno huyu." Ni kweli mbwa hana neno. Mtaro unalo.

Watoto ndio rahisi. "Anko, anauma?" Unawasimamisha, wananyoosha mkono anuse, kisha wanamkuna kifuani, si utosini. Ila aliyelala asiguswe na mtu. Wengine hulala macho wazi, unadhani anakutazama kumbe yuko ndotoni Manchester, ukimgusa anang'ata kabla hajajua wewe ni nani.

Kazi ipo kwa kuku, paka na vijibwa vidogo. Macho yake hayatofautishi sana kijibwa na sungura kikishaanza kukimbia. Kwa ajili hiyo kuna kifunga mdomo cha matundu, anachoweza kuhemea na kunywea maji. Wapita njia wakikiona wanasema "huyo mkali", wanatupisha. Sijawahi kuwasahihisha.

Mbwa koko wala hawanisumbui. Inama kama unaokota jiwe, hata kama chini hakuna kitu, na kundi zima linakumbuka lina shughuli kwingine. Msumbufu ni mbwa mwenye bwana wake, yule bwana anayesimama mita 40 nyuma, mikono mfukoni, akipaza sauti: "Haumi huyo!" Ndugu yangu, sikuuliza kama anauma. Ninauliza kama anakimbia.

Sasa, anayetembeza mbwa kando ya ziwa inampasa ajue mwezi kama mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa mitumbwi inapumzika na ufukwe unabaki mweupe, tembea utakavyo. Giza likirudi, kuanzia asubuhi mchanga wote umetandikwa nyavu kuukuu na dagaa juu yake, na akina mama wanawageuza geuza hadi jioni. Jumamosi ile ilikuwa giza. Na Jumamosi yoyote Mwanza, giza au mbalamwezi, ni harusi.

Nilitoka saa kumi na moja, mapema kuliko kawaida, kwa sababu bosi alikuwa na wageni wa jioni. Kifunga mdomo nilikiacha, nikijiambia ni dakika 20 tu. Moshi kulia, Pole kushoto, kamba moja kila mkono. Kamba ni ya kawaida, mita moja na nusu hivi, na kitanzi chake unakishika kwa kiganja. Usikizungushe kwenye vidole kama unapenda vidole vyako. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kibweta usiziguse kabisa. Huyu mbwa anafika kasi yake kubwa ndani ya hatua sita hivi, zaidi ya kilomita 60 kwa saa, halafu kamba inaisha ghafla. Linalovunjika ni shingo lake au bega lako.

Tulipofika pale njia inapoteremka kuelekea ziwani, Moshi akaganda.

Kuganda ni ugonjwa wao wote. Mbwa anatembea vizuri, mara anasimama kama sanamu, masikio juu, anatazama mbali, huwezi kujua kaona nini. Si ukaidi. Usimvute. Simama ubavuni mwake, msukume nyonga kidogo kwa paja lako, mzungushe kama mnarudi nyumbani, kisha geukeni tena. Nusu dakika, imekwisha. Nayajua hayo kuliko namba yangu ya simu.

Nikamvuta.

Nilimvuta kwa sababu nyuma yangu ilitokea pikapu ya matarumbeta, na nyuma ya pikapu magari saba ya harusi yenye riboni, yote yanapiga honi, na shangazi mmoja katoa nusu ya mwili dirishani anapeperusha kitenge akiniambia nitoe mbuzi wangu njiani. Hapohapo kikachomoka kijibwa cheupe, manyoya kama pamba, kinabweka. Mikono mfukoni, mbali kule: "Haumi huyo, kaka!"

Pole, ambaye ni mwoga, akajificha nyuma yangu. Kisha mbele yangu. Kisha nyuma tena. Alipomaliza, kamba yake ilikuwa imenizunguka magoti mara mbili. Moshi naye akarudi hatua moja, akainamisha kichwa, na mkanda ukapita masikioni taratibu kabisa, kama mtu anayevua kofia kusalimia wakwe.

Naomba nisifiwe kwa dakika iliyofuata. Sikumkimbiza. Ukimkimbiza grehaundi anaona mashindano yameanza. Nilichuchumaa kadiri kamba ilivyoniruhusu, nikampa ubavu bila kumkodolea macho, nikatoa karatasi ya andazi mfukoni na kuichakarisha. Msafara ukapita, kijibwa kikafuata matarumbeta. Moshi akaja hatua moja. Akaja ya pili. Nikaiona pua yake yenye unyevu inacheza, nikaanza kunyoosha mkono.

Chini ufukweni mpiga picha alishampanga bibi harusi juu ya jiwe. Kamsimamisha mpambe nyuma ashike shela, airushe juu ili ipepee. Alasiri Mwanza upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mpiga picha akahesabu moja, mbili, na ya tatu shela ikapaa na kitana chake. Ikatua mchangani. Ikaruka. Ikatua. Ikaruka tena, nyeupe, nyepesi, sentimita chache kutoka ardhini, kama sungura hasa.

Andazi likabaki mkononi.

Sijui niseme nini kuhusu kasi ile. Mchanga ulinipiga usoni naye hakuwepo. Mimi nafungwa magoti, natoa sauti niliyo nayo: "Moshi! Moshi! Moshi!" Mvuvi aliyekuwa anashona wavu akanyanyua kichwa: "Kaka, Moshi panda stendi ya Nyegezi! Huku hakuna basi!" Nikamgeukia huyu mwingine anifungulie miguu: "Pole! Pole, bwana! Pole!" Bibi harusi juu ya jiwe akalia, "Pole ya nini? Nirudishie shela yangu!"

Moshi aliikamata karibu na mitumbwi. Uwanjani kwao hakuna anayemkamata yule sungura, kwa hiyo nadhani hakujua hatua inayofuata ni ipi. Akaendelea kukimbia nayo, mita nne za lesi zikielea nyuma, akapita wavu wa kwanza wa dagaa, wa pili, wa tatu, akina mama wakinyanyuka mmoja mmoja kama wimbi. Kisha akapunguza, akasimama, akalala. Jumatatu nilirudi kuhesabu kwa hatua zangu: 640. Piga hesabu mwenyewe, hatua yangu ni robo tatu ya mita. Alimaliza mashindano yake.

Alilala juu ya dagaa wa mama mmoja wa makamo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu mnyama ni wako?"

"Wa bosi."

"Bosi yuko hapa?"

"Hapana, mama."

"Basi ni wako."

Hakugomba. Alikuwa na hesabu. Dagaa safi wana bei yao, na walioingia mchanga au kukanyagwa na mbwa, ambao hakuna mteja atakayewatia sufuriani, huenda kwa wauza chakula cha kuku kwa bei ya chini. "Hawa sasa ni wa kuku. Nilipe tofauti." Tukakadiria sado mbili. Binafsi niliona hazifiki, lakini ni vigumu kupima wakati kipimo kimelaliwa.

Moshi alikuwa anahema ulimi nje. Mbwa huyu kajaa misuli, joto linampanda haraka akishakimbia. Nikamsogeza kivulini mwa mtumbwi, nikamwagia maji tumboni, mapajani na kwenye nyayo, nikampa ya kunywa kidogo kidogo, si ndoo nzima. Nikafungua vidole vyake kimoja kimoja kutafuta mipasuko. Nyayo nzima. Paja, hapana. Msumari wa mtumbwi ulikuwa umemchana kama sentimita 6, na kwa ngozi yao ilivyo nyembamba, ilifunguka kama bahasha. Damu si nyingi, ila inatisha.

Harusi nzima ikawa imefika. Mjomba wa bwana harusi akauliza kama mbwa kachanjwa. Nakala ya kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa hukaa mfukoni mwangu ndani ya nailoni, nikamkabidhi. Akaisoma yote, mbele na nyuma, kama anakagua mahari. Nikaosha jeraha kwa maji safi ya chupa waliyonipa wapambe na kuuliza kama kuna kitambaa kisafi.

Yule shangazi wa kitenge akaniangalia, akamwangalia Moshi. Akaokota shela, akachagua upande ambao haukugusa dagaa, akaichana kwa meno. "Hii imeshakwenda na maji. Funga mbwa wa watu." Bibi harusi akaanza kulia tena, kisha kicheko kikamzidi, na mpiga picha hakupoteza nafasi.

Nilirudi saa moja kasoro. Kamba ya Pole nimeifunga kiunoni, Moshi anachechemea kidogo, amevaa mkanda wangu wa suruali uliokazwa vidole viwili kamili, na suruali naishika kwa mkono. Wageni wa bosi walikuwa barazani.

"Matembezi yalikuwaje?"

"Mazuri, mama."

Moshi akapita kati yetu kuelekea godoro lake. Pajani ana lesi nyeupe, fundo la utepe, na shanga sita zinazometameta chini ya taa. Bosi akazitazama shanga. Akatazama suruali yangu.

"Pole," akasema.

Pole akanyanyuka, akaja kuona anaitiwa nini.