Kura 27 si mchezo
Mwandishi wa makala kuhusu kura ya Seneti ya Marekani ya Julai 2025 ameandika kana kwamba azimio la Seneta Bernie Sanders la kuzuia kuiuzia Israel bunduki lilizikwa tu, kura 70 za kulipinga kwa 27 za kuliunga mkono. Mbona hakusema kuwa Novemba 2024 maazimio ya aina hii hayakuvuka kura 19 za kuyaunga mkono? Habari iko hapo, naye kaipita mbio.

Ila tusijidanganye. Mwaka 2019 mabaraza yote mawili ya Kongresi yalipitisha maazimio matatu ya kukataa kuziuzia silaha Saudi Arabia na Falme za Kiarabu kwa sababu ya vita vya Yemen. Trump akayapiga maazimio yote matatu kura ya turufu, na theluthi mbili za kura za kuitengua turufu yake hazikupatikana. Sheria ya 1976 ya kudhibiti uuzaji wa silaha nje iliwapa wabunge breki ya kuzuia mauzo hayo, sijaona gari likisimama.